Usiisifie Tovuti Kabla Kibodi Haijapanda

Watu walipiga makofi. Ukutani, projekta ilikuwa inamwaga milima ya Masisi, upana pikseli 1920, kimo 1080, ng'ombe malishoni na kichwa cha habari cha herufi nyembamba nyeupe juu yao. Tovuti yenyewe ilikusudiwa watu wa Pinga na vijiji vya jirani, waandikishe mazao yao na namba zao ili wanunuzi wawapate. Katika ukumbi mzima sikuona mtu aliyetoa simu mfukoni akaifungua. Wakasema ni kazi safi, kazi ya kimataifa. Mimi ni fundi wa kurasa, nimekula ugali wa kazi hii miaka mingi, na nasema kazi ile ilikuwa haijafika hata nusu.

Pinga iko pale Masisi inapokutana na Walikale. Kutoka Goma unapita Sake, Kitchanga, Mweso na Kalembe, barabara ikikubali na bunduki zikinyamaza. Kompyuta huko ni za ofisi chache. Mwananchi ana simu: Tecno, Itel, Samsung ya mkono wa pili, au ile ya vibonye. Anaichaji kwa sola, ameshusha mwanga wa kioo ili betri ifike jioni, na mega za intaneti ananunua kidogo kidogo. Hicho ndicho kioo cha kubunia. Anayeanzia kwenye 1920 akidhani atapunguza baadaye, hapunguzi, anabana tu.

Kuna ujinga mmoja unaouzwa kama utaalamu, tuuondoe kwanza. Fundi anayeandika kwenye hati yake kwamba tovuti "imetengenezwa kwa 720 × 1600 na 1080 × 2400" hajui anachouza. Gawa kila moja kwa uwiano wake wa pikseli, ya kwanza kwa 2 na ya pili kwa 3: zote mbili ni 360 × 800. Simu ya bei ndogo na simu ya bei kubwa zinaingia CSS kwa upana uleule. Zile ndogo za 480 × 854 huwa na uwiano wa 1.5, kwa hiyo zinakupa 320. Basi upana wa kuanzia ni 320. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.1, wa mwaka 2018, nao umesimama papo hapo: ukurasa usomeke katika 320 bila msomaji kuusukuma kushoto na kulia. Panda hadi 360, kisha yaache maudhui yenyewe yakuonyeshe yanapoanza kupwaya. Brekipointi zikizidi tatu, aliyeziweka hakuwa na mpango. Maandishi ya mwili chini ya pikseli 16 ni kazi mbovu. Kijivu juu ya nyeupe kwa mtu aliyesimama juani na kioo kilichofifia ni kumdhulumu. Hayo siyajadili na mtu.

Lakini upana siku hizi hata mwanagenzi anaujua. Tangu makala ya Ethan Marcotte ya 2010 kuhusu kurasa zinazojirekebisha, kila mtu amekariri upana. Kinachowaponyoka ni kimo, hasa kimo kinachobaki kibodi ikishapanda.

Chukua simu ya 360 × 640, aina ambayo bado utaikuta mikononi mwa watu. Toa 24 za upau wa hali, toa 48 za vitufe vya chini, toa 56 za upau wa anwani. Umebaki na 512. Sasa mtu aguse kisanduku cha jina. Kibodi inapanda na kuchukua zaidi ya 250, pamoja na ule mstari wa kupendekeza maneno. Una pikseli zisizozidi 260 za kufanyia kazi. Ukiwa umegandisha kichwa cha tovuti juu kwa pikseli 64, ukaning'iniza na tangazo la vidakuzi, umemwachia mwenye simu ufa wa kuchungulia. Ile tovuti ya makofi ilifanya hivyo hivyo. Baada ya siku ile ya makofi, mama mmoja muuza maharage aliifungua kwenye simu, akaandika jina lake, akaandika namba yake, kisha akainua macho akamuuliza kijana aliyekuwa karibu: "Mutoto yangu, fasi ya kutuma iko wapi?" Kitufe cha kutuma kilikuwa kimegandishwa chini ya kioo, na kibodi ilikuwa imekaa juu yake. Mama akabonyeza kitufe cha kurudi mara mbili. Mara ya kwanza kibodi ilishuka, mara ya pili ukurasa ukaondoka na kila alichoandika, na mega zake pamoja.

Hapa ndipo fundi anapojulikana. Zamani Chrome ya Android ilikuwa inaufinya ukurasa kibodi ikipanda, kwa hiyo kitufe kilichogandishwa chini kilipanda nayo. Kuanzia toleo la 108, mwishoni mwa 2022, ukurasa haufinywi tena. Kitufe kinabaki nyuma ya kibodi. Pinga utakuta tabia zote mbili katika soko moja, maana kusasisha Chrome kunakula mega na wengi hawasasishi. Hakuna ujanja wa JavaScript unaoshinda jibu rahisi: kitufe cha kutuma kisigandishwe popote. Kikae mara tu baada ya kisanduku cha mwisho, kisogee na fomu. Jina la kisanduku likae juu yake, si ndani yake, kwa sababu lililo ndani linafutika mtu akianza kuandika, na kwenye ufa ule hana kingine cha kumkumbusha alikuwa anajibu nini. Kisanduku cha simu kipewe aina ya tel ili vije vitufe vikubwa vya namba. Safu moja, siku zote.

Na ile picha kubwa ya kujaza kioo, 100vh wanayoipenda wote: kwenye simu, vh 100 hupimwa kana kwamba upau wa anwani umeshajificha. Ukurasa unapofunguka upau upo, kwa hiyo sehemu ya chini imezama, na chini ndiko walikoweka "Anza hapa". Vipimo vya svh na dvh vimo vivinjarini tangu 2022. Fundi huandika mistari miwili, wa vh ukitangulia na wa svh ukifuata, ili simu ya zamani ichukue wa kwanza na mpya ichukue wa pili. Nikifungua CSS ya mtu nikaikuta mistari hiyo miwili kwa mpangilio huo, namheshimu kabla sijaona kitu kingine.

Mzee aliyenifundisha, mtu wa Goma, alikuwa na simu moja ya zamani kwenye droo, kioo kina ufa, herufi zimekuzwa hadi mwisho kwenye mipangilio. Ukimletea kazi hakutazama ukurasa wa mwanzo. Alikwenda moja kwa moja kwenye fomu, akagusa kisanduku cha kwanza, akasubiri kibodi. Mara nyingi alikurudishia simu bila kusema neno, nawe ukaondoka unajua.

Matapeli nao wana dalili zao. Mmoja anakuonyesha tovuti kwenye laptopu, anavuta ukingo wa dirisha mpaka liwe jembamba, anasema "ona, inajirekebisha". Dirisha jembamba la laptopu halina kibodi ya kupanda wala kidole kinene. Mwingine anazuia kukuza kwa user-scalable=no ili mpangilio usimwaibishe. Mbaya kuliko wote ni yule ambaye jedwali lake limefurika kando, badala ya kulitengeneza akaandika overflow-x: hidden kwenye body. Kazi inaonekana nadhifu, kumbe safu ya bei imekatwa na hakuna njia ya kuifikia. Huo ni wizi. Bei ndiyo aliyoifuata mkulima.

Enzi za kafe za intaneti, tulipobunia monita nzito za 800 × 600, kurasa ziliandikwa chini kabisa kipimo cha kioo zilichokitaka. Zilikuwa na majedwali ndani ya majedwali, lakini aliyezitengeneza alikuwa amekaa mbele ya kioo kilekile anachokaa mteja wake. Naukumbuka uaminifu ule kwa uchungu. Ulitoweka mbunifu alipoanza kununua mashine ambayo hakuna msomaji wake aliye nayo.

Kuhusu picha: upana wa 720 unatosha, kwa srcset, na 1080 kwa wenye uwiano wa 3. Zaidi ya hapo unatumia mega za watu kujifurahisha mwenyewe.

Wenye simu za vibonye usiwatengenezee ukurasa kabisa. Wape SMS, na hapo kioo chako ni herufi 160. Hata humo kuna ufundi. Andika ng'ombe kwa apostrofi iliyonyooka. Ile iliyopinda, ambayo programu za ofisi huiweka zenyewe, haimo katika herufi za GSM, na ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70. Orodha ya bei iliyoingia katika SMS moja itagawanyika vipande vitatu, na kila kipande kitalipiwa.