Nimeipata Peponi, na Sijalala

Nimeimaliza saa kumi alfajiri na siwezi kungoja kupambazuke ndipo niseme. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, kutoka Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam! Kitabu kilitoka 2022, na tangu hapo nimekuwa nikikisaka duka hadi duka. Mara kimekwisha, mara njoo wiki ijayo. Juzijuzi rafiki yangu kaniletea nakala. Tumekaa nacho siku tatu, na siku hizo nyumbani kwetu hapakuwa na habari nyingine.

Nasema tumekaa nacho kwa sababu sikusoma peke yangu. Shangazi yangu, mzaliwa wa Bagamoyo, macho hayampi tena nafasi ya kusoma herufi ndogo, na Kiingereza hakijui. Gurnah alimfahamu kwa jina tu, tangu ile tarehe 7 Oktoba 2021 redio ilipotangaza kwamba mzaliwa wa Unguja kapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, tukabaki tunaulizana mitaani huyu bwana kaandika nini. Siku ile Shangazi aliniuliza swali hilohilo. Nikamwambia kaandika riwaya, lakini kwa Kiingereza. Hakunijibu kitu, akaendelea kuchambua mchele. Sasa juzijuzi nikaingia na kitabu mkononi: Shangazi, kimekuja! Akaweka ungo chini. "Haya, nisomee."

Kwa asiyeijua hadithi: Yusuf ni mtoto wa miaka 12, anaishi Kawa, mji mdogo wa reli, enzi za Wajerumani, miaka michache kabla ya vita vya 1914. Baba yake ana hoteli isiyoleta faida. Mara mojamoja hufika mgeni mkubwa, Aziz, tajiri wa pwani anayepeleka misafara bara. Yusuf anaamini ni jamaa yao. Anampenda kwa harufu yake ya manukato, kwa vyakula vinavyopikwa akija, na zaidi kwa ile sarafu ya anna kumi anayomtilia mkononi kila akiondoka. Siku moja Aziz anapopanda treni kurudi pwani, Yusuf anapanda naye. Kule dukani kwa tajiri ndiko anakokuta kijana mwingine, Khalil, anayemfumbua macho: huyu si jamaa yako, baba yako anadaiwa, na wewe umewekwa rehani.

Hapo Shangazi alinishika mkono. "Rehani? Mtoto?"

Mimi nilikwisha kuisoma riwaya hii kwa Kiingereza, Paradise, iliyotoka 1994 na kufika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Mle ndani maneno kama rehani, seyyid na mnyapara yamekaa katikati ya Kiingereza kama wageni barazani, wanasubiri kutambulishwa. Nilipita pale kwenye rehani nikasonga mbele, nikajua tu kwamba mtoto yuko mashakani. Shangazi hakupita. Aliwahi kuweka bangili zake mbili za dhahabu rehani, akazikomboa baada ya miezi minane, na anakumbuka kila shilingi. "Mtu huweka rehani kitu anachokusudia kukirudia," akasema. "Baba yake alikusudia?" Wallahi nilikaa kimya. Swali hilo ndilo linalokitafuna kitabu kizima, na miaka yote niliyoisoma Paradise halikuwahi kunijia waziwazi namna ile. Limemjia Shangazi mara moja, kwa kusikia neno lake mwenyewe likitumika juu ya mtoto.

Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: mwenye kujua Kiswahili asome hiki, hata kama alikwisha kusoma kile!

Jina lenyewe limenifurahisha kupita kiasi. Kwa Kiingereza ni kitu, unakitaja. Kwa Kiswahili ni mahali, ile -ni ya mwisho inakutia ndani. Unafungua jalada na tayari umeulizwa uko wapi. Na nyuma ya jina ipo bustani ya Aziz, iliyozungushiwa ukuta, ina bwawa katikati, michungwa na mikomamanga, na Mzee Hamdani anayeitunza huku akighani kasida zake kwa sauti ya chini. Yusuf anaitamani bustani ile mpaka unaumia naye. Kisha anaviona vioo vilivyotundikwa kwenye miti. Bibi wa nyumba, asiyetoka nje, ameviweka ili aone kinachopita bustanini. Nilikuwa nimevisahau kabisa vioo hivyo. Nilipovisoma kwa sauti, usiku, taa moja ikiwaka, nilihisi mtu ananitazama shingoni.

Shangazi lakini alikuwa mbele yangu. Alipokwisha kusikia Yusuf, mtoto mzuri wa sura, kachukuliwa kwao, kakaa nyumba ya tajiri, na ndani kuna bibi anayeulizia habari zake, akanikatiza: "Bibi huyo jina lake Zulekha." Nikaruka kurasa kadhaa mbele kuhakikisha. Zulekha! Amekua akikisikia kisa cha Nabii Yusuf na bibi aliyemrarulia kanzu tangu chuoni, hakuhitaji mhakiki wa kumwelekeza. Kuanzia hapo alisikiliza kwa hofu ya mtu anayejua kanzu itapasukia upande gani, na mimi nikawa nasoma kwa hofu yake.

Majina yote yanafanya kazi hivyo. Msafara unapoingia bara na kuambiwa mbele kuna mtawala anaitwa Chatu, msikilizaji wa Kiswahili tumbo linamkunjika kabla mtawala mwenyewe hajatokea. Na Kalasinga, fundi wa magari, jamani! Ana mpango wa kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, ilhali Kiarabu hakijui na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Shangazi alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Ajabu ni kwamba jambo hilo halikuwa mbali na yaliyokuja kutokea: tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa 1923 na Godfrey Dale, padri wa Kianglikana. Ile ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyoko kwenye makabati ya nyumba nyingi za pwani, ilikuja 1969. Na sasa mzaha huo wa kutafsiri nao umetafsiriwa, na mtu anayejua anachokifanya. Hadjivayanis anafundisha Kiswahili SOAS, London, na ndiye aliyetupa pia Alisi wa Lewis Carroll kwa Kiswahili cha siku hizi. Nimesoma kurasa hizi kwa sauti toka ya kwanza hadi ya mwisho, na kusoma kwa sauti hakufichi kitu: sentensi mbovu inakata pumzi. Pumzi yangu haikukatwa.

Siku ya pili alijiunga nasi jirani yetu, fundi cherehani, aliyekuja kuleta gauni akabaki. Hapo ndipo ulipozuka ubishi wa Aziz. Fundi alisema Aziz hana kosa: kakopesha, hakulipwa, na hakumpiga mtoto wala kumnyima chakula. Nikamwunga mkono nusu, maana siku zote niliona ndani ya Aziz upole fulani, mtu asiyepandisha sauti hata mali yake inapozama. Shangazi alitugeukia sote wawili. Kwake yeye, hatari ya Aziz iko kwenye upole huohuo. Mnyapara wake, Mohammed Abdalla, ana fimbo, unamwona anakuja. Aziz anakuja na manukato na sarafu, na mtoto anamkimbilia. Fundi hakukubali. Akaondoka na kesho yake akarudi bila gauni lolote, kuja tu kuendeleza ubishi! Riwaya ngapi zinamfanyia mtu hivyo?

Tulipofika kwa Mzee Hamdani, anapoeleza kwa nini alikataa uhuru wake alipopewa kama zawadi, hakuna aliyebisha. Nilidhani ni mtu aliyevunjika. Shangazi akaniomba nirudie ukurasa ule mara mbili, kisha akasema, "Huyo ndiye mwenye bustani." Sijui kama nakubaliana naye. Najua tu kwamba tangu jana sijaacha kulifikiria.

Lipo linaloniuma. Amina, dada yake Khalil, anapata nafasi finyu mno. Anapoanza kuzungumza, kitabu kinawaka, halafu hadithi inaondoka na wanaume. Ningempa sura nzima. Na safari ya bara, kwenye maradhi, ushuru na matope, inachosha. Fundi alisinzia hapo. Sikumwamsha, nilijua Chatu atamwamsha, na kweli alimwamsha.

Mwisho siutaji ng'o. Nitasema tu kwamba wapo askari wa Mjerumani, upo uamuzi wa Yusuf wa kupepesa jicho, na Shangazi alisimama wima, yeye ambaye magoti yanamsumbua, akamwita kwa jina kama vile yuko uani.

Miaka 28 kitabu hiki kilisubiri kufika kwenye lugha ambayo mwandishi wake alizaliwa nayo. Nawaza ni akina Shangazi wangapi waliondoka katika muda huo bila kukisikia, na roho inanikereketa. Kwa hiyo usikinunue ukakiweka kabatini. Kisomwe kwa sauti, mbele ya mtu aliye mkubwa kuliko wewe, na umwache akukatize.

Adhana inaadhiniwa. Shangazi ameamka, namsikia anatia udhu. Kabla ya kulala aliniagiza tukimaliza chai nianze upya, pale mwanzo kabisa, Aziz anapomtilia Yusuf sarafu mkononi. Anasema sasa anajua ilikuwa ya nini.