Sanduku Lililofungwa Adhuhuri

Kosa lilikuwa moja, nalo lilitosha kuibatilisha kazi yote: kundi la nyuki lililotua kwenye jakaranda pale Gangilonga, mjini Iringa, lilifungiwa sandukuni saa sita mchana, ilhali malkia wake angali tawini.

Ninyi mliosimama nasi mliona kwamba mfugaji yule alivaa vema, moshi wake ulikuwa wa kadiri, na tawi alilikung'uta kwa pigo moja. Hapo simtii ila. Lakini mara baada ya pigo, nyuki waliosalia juu waliinamisha vichwa, wakainua mikia, wakapiga mbawa pasipo kuruka. Ishara hiyo haina tafsiri mbili, kwani nyuki ainuaye mkia namna ile hutoa harufu ya kuwaita wenziwe alipo malkia. Lau wangaliita mlangoni mwa sanduku, ningalikuwa wa kwanza kumpongeza. Waliita tawini, naye akafunga kifuniko, akapakia garini, akaenda zake.

Alitoa udhuru kwamba alihofia watu wataumwa. Hasha! Kundi lililohama kwa kugawanyika hushiba asali kabla ya kutoka, wala halina masega wala watoto wa kulinda. Watu wawili wa kuwazuia wapita njia wangalitosha. Stahiki ya sanduku ilikuwa kuachwa kivulini, mlango wazi, hadi magharibi, maana nyuki wapelelezi, ambao mtafiti Martin Lindauer aliwachunguza Ujerumani miaka ya 1950 wakicheza juu ya kundi kuonyesha makao mapya, hawatulii wote mpaka jua lizame.

Nimelisema tangu zamani, wala sitachoka: twagawa mizinga ya kisasa na mavazi meupe semina baada ya semina, tusifundishe macho. Wazee wa Uhehe na wa miombo ya Chunya, waliochonga mizinga ya magogo, wakaipaka nta ndani, wakaitundika mtini kabla ya msimu, hawakulikimbilia kundi. Walilisubiri liingie lenyewe, na asali wakairina usiku. Sijaona bado semina iliyowapita hao kwa maarifa.

Jioni sanduku lilipofunguliwa, nyuki wasio na malkia walimwagika wakapotea. Asubuhi, juu ya tawi, tulikuta ukoko mwembamba wa nta nyeupe, wala nyuki hata mmoja.