Spoku ya Baiskeli

Baba mkubwa hakuwa na baiskeli, lakini hakukosa spoku. Kihamba chake, shamba la kahawa na migomba, kilikuwa Kibosho, Kilimanjaro, na asubuhi, jua likiwa bado halijapenya migomba, aliinama mbuni kwa mbuni akitafuta unga wa mbao shinani. Akiuona, bungua, mdudu mtoboa shina, yumo. Spoku iliingia tunduni polepole, mkono ukisikiliza, mpaka ikagusa kitu laini. Hapo alitabasamu. Mvua zikikaribia alisugua gome kwa gunzi la mahindi liwe nyororo, bungua jike akose ufa wa kutagia.

Sina ugomvi na wenye mabomba ya kunyunyizia dawa. Ila ufundi ninaousifu ni wa jicho. Kutu ya majani, iliyoteketeza kahawa ya Sri Lanka baada ya kuonekana huko mwaka 1869, huanza kama vumbi la rangi ya machungwa upande wa chini wa jani; asiyegeuza jani haoni kitu. Ugonjwa wa chulebuni hupenda baridi na unyevu wa kule juu: tunda bichi hupata doa jeusi lililobonyea, na punde tawi limebaki na makapi. Mdudu kimatira, aliyepakwa rangi kama shanga, hujificha kwenye mbuni uliosongamana. Dawa yake ya kwanza ni mkasi: punguza matawi, ondoa maotea, mwanga uingie. Ya pili, kwa baba mkubwa, ilikuwa majani ya utupa yaliyotwangwa na kulowekwa. Harufu yake ilitufukuza hata sisi watoto.

Aliyemkera hasa ni ruhuka. Kadudu kadogo kuliko punje ya mtama, hutoboa tunda, huzaa humo, kisha hungoja msimu ujao ndani ya buni zilizosahaulika. Kwa hiyo mavuno yalipokwisha na majirani wakaenda kunywa mbege, sisi tuliokota buni kavu chini ya miti, moja moja, huku tukinung'unika.

Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), pale Lyamungu, walitoa chotara za kahawa zinazohimili chulebuni na kutu. Baba mkubwa alipanda miche michache, akaisifu kwa majirani. Ilipokua nilimkuta ameinama kwenye shina la mmojawapo, spoku mkononi.

"Si ulisema hii haiugui?"

"Kutu haiipati, mwanangu. Lakini bungua nani kamwambia?"