Kinyago, Sanamu, au Mwana wa Mti?

Mtu akiwa Shanwe, mjini Mpanda, akasikia mwanamke aitwa Mama Kulwa, hana haja ya kuuliza kama yuko Doto. Jina la kwanza ladai la pili. Hata Doto akifariki, jina la Kulwa haliachi kumtaja. Majina haya, yaliyoenea kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ndiyo mlango ufaao kwa msomaji wa Kiswahili atakaye kuzifahamu kazi za mti za Wayoruba wa Nijeria ziitwazo ere ibeji.

Wayoruba nao huwapa pacha majina yao, Taiwo na Kehinde. Na Kehinde, ajapokuwa wa pili kuzaliwa, ndiye ahesabiwaye mkubwa, kwa kuwa alimtuma mwenziwe atangulie kuuonja ulimwengu. Kwa desturi ya kale, mmoja afapo, wazazi hutaka shauri kwa mwaguzi, kisha mchongaji huchonga umbo lisilozidi sana shubiri moja. Umbo hilo si la mtoto: lina maungo ya mtu mzima, hata kama marehemu alikufa akinyonya. Mama hulikogesha, hulipaka unga mwekundu wa mti, hulivika shanga na kulilisha. Miaka ipitapo, macho na pua hufutika kwa kupanguswa.

Je, kitu hiki kiitweje? "Sanamu" ni neno litokalo katika Kiarabu, nalo limebeba hukumu ya kuabudu masanamu. "Kinyago" nalo halifai, maana wahenga walisema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Na hapa hakuna kutishana wala kudharauliana, pana malezi tu. Wazaramo walikwisha pata jina bora: mwana hiti, yaani mwana wa mti, ambaye mwali hupewa ndani ili amtunze. (Huyo si wa marehemu, ni wa mtoto atarajiwaye, lakini mikono imtunzayo hufanya kazi ile ile.) Na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkabala wa Karema, Watabwa walichonga mpundu, maumbo ya pacha waliokufa, wakayatunza vivyo hivyo.

Kwa hiyo wakosea wahakiki wamsifuo mchongaji peke yake. Uso uliolika kwa vidole ni kazi ya mama kama ulivyo kazi ya tezo. Na makumbusho ya Ulaya, yakilifungia umbo katika kabati la kioo, huikatiza kazi hiyo katikati. Hao hao huona ni uharibifu wa sanaa kwamba katika karne ya 20 baadhi ya akina mama wa Kiyoruba walimnunua mwanasesere wa plastiki sokoni badala ya umbo la mti. Walakini mwanasesere huyo alikogeshwa, akavikwa, akalishwa. Aliyepungukiwa ni mkusanyaji, si pacha.