Ngome Tupu na Mvuvi Mmoja: Pwani ya Kenya katika Tawasifu ya Barack Obama

Tawasifu ya Barack Obama, Dreams from My Father, iliyochapishwa mwaka 1995, husomwa zaidi kama hadithi ya kutafuta asili. Safari yake kuu ni ile ya kutoka Chicago hadi Alego. Hata hivyo, kati ya Alego na kurejea Marekani pana kipande kifupi kinachostahili kutazamwa upya: siku chache ambazo msimulizi na dada yake, Auma, wanazitumia Mombasa. Makala haya yanakichunguza kipande hicho kwa jicho la msomaji aliyeko Bamburi, na yanadai kwamba ufupi wake si suala la fani tu, bali unagusa dhamira kuu ya kitabu.

Ndugu hao wanasafiri kwa gari la moshi na kufikia katika hoteli kongwe ya ufukweni aliyoipenda marehemu baba yao. Hoteli imejaa watalii Wajerumani na mabaharia wa Kimarekani walio mapumzikoni. Wanasoma, wanaogelea, wanatazama kaa wakikimbilia mashimoni. Kesho yake wanazuru Mji wa Kale na Ngome ya Yesu. Ngome inaelezwa kwa kupokezana kwa mabwana zake, Mreno, Mwomani na Mwingereza, kisha inaachwa kama gamba tupu la jiwe, mizinga yake ikiwa imelala mbele ya bahari ambamo mvuvi mmoja anatupa wavu. Mvuvi huyo hana jina wala neno.

Linganisha na Alego. Huko bibi anapewa kurasa nyingi za kusimulia nasaba, na maneno yake ya Kijaluo yanafasiriwa na Auma. Bara inasema, pwani inatazamwa. Yaweza kutetewa kwamba mwandishi hana babu pwani, na kwamba kimuundo sehemu hii ni pumziko baada ya kilio cha makaburini. Utetezi huo una uzito. Lakini kitabu chenyewe kimejitangaza kuwa hadithi ya rangi na urithi, na hapo ndipo ukimya unapoanza kudai maelezo.

Katika yale yaliyomvuta Mwingereza bara, msimulizi anataja pembe za ndovu na dhahabu, watumwa hawamo. Anayetoka kisiwani kwenda Bamburi hupita Kisauni, ilipo Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Jina la Kengeleni lingali linaikumbuka kengele ya makazi hayo. Mwandishi aliyehangaishwa na maana ya weusi katika Marekani iliyojengwa kwa utumwa anafika karibu na kumbukumbu hiyo na maandishi yake hayaigusi.

Vivyo hivyo kwa mabaharia. Wanatajwa kama sehemu ya mandhari tu, ilhali kuwapo kwao kulitokana na siasa: mwaka 1980 Kenya na Marekani zilikubaliana kwamba majeshi ya Marekani yatumie bandari ya Mombasa. Uhusiano wenyewe ni mkongwe zaidi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na nguo za pamba kutoka Massachusetts zikaenea hata Kiswahili kikaziita merikani. Mmarekani alikwisha kuwa neno la Kiswahili kabla hajawa baharia wa ufukweni.

Tena, ngome haikuwa tupu. Muyaka bin Haji alitunga wakati Wamazrui wakiitawala Mombasa. Jengo hilo likawa gereza tangu 1895 hadi 1958, na makumbusho kuanzia 1960. Jiwe lake la matumbawe ni la jamii moja na lile ambalo kiwanda cha Bamburi kilianza kulisaga kuwa saruji mwaka 1954. Kwa mwenyeji, jiwe hilo ni kazi na makazi. Kwa mgeni ni gofu.

Mara baada ya safari hiyo, kitabu kinamleta Rukia Odero, mwalimu wa historia, ambaye anawaonya wageni dhidi ya kuitafuta Afrika iliyo safi isiyochanganyika. Sauti hiyo ni ya busara, na inathibitisha kwamba tawasifu hii inajua kujikosoa. Lakini ushahidi bora wa hoja ya Rukia umekwisha kuachwa nyuma. Jamii iliyoishi kwa karne nyingi na mchanganyiko huo, ikautungia mashairi bila ya kupoteza nafsi yake, ni hiyo ya pwani. Msimulizi alipita katikati yake, akauona mchanga na ngome, asiisikie lugha.

Kwa hiyo tawasifu hii haipungukiwi na ukweli. Inapungukiwa na msikilizaji mahali pamoja. Mwanafunzi anayeisoma hana budi kuuliza swali ambalo kitabu hakikuliuliza: je, mvuvi yule angesema nini, na kwa fasihi ipi, kama angepewa angalau ukurasa mmoja kati ya zile alizopewa bibi?