Sura Mpya Juu ya Ukurasa Mkuukuu: Kazi ya Wangechi Mutu Ikitazamwa kutoka Mururu

Mwaka 2006 Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alichukua kurasa za vielelezo vya utabibu vya karne ya 19 na kubandika juu yake nyuso za wanawake zilizoundwa kwa vipande vya picha za majarida. Kazi hiyo ina sehemu 12. Nguvu yake haitokani na ubandikaji, mbinu ambayo si ngeni, bali na kuacha jina la ugonjwa lisomeke chini ya uso. Tabibu aliyedai kuujua mwili wa mwanamke anajibiwa kwenye karatasi yake mwenyewe. Mhakiki anayesifu sura na kuyaruka maandishi amesoma nusu ya kazi.

Huko Mururu, ng’ambo ya mto Rusizi mkabala na Kongo, jambo hili linagusa sera. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Msanii atakayebandika juu ya kitabu asichokisoma atapata pambo tu. Aidha, sera inayoleta vitabu vipya vya kiada na kuvichoma vya zamani humnyima mtu wa kujibizana naye. Vitabu vya Kiswahili vinavyoondolewa madarasani vihifadhiwe hukohuko wilayani, makosa yake yakiwemo.