Kabla Kisahani Hakijafika

Usiku wa tarehe 31 Agosti 2021, mjini Calgary, bao la ubingwa wa dunia wa hoki ya barafu ya wanawake lilifungwa na mchezo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kanada na Marekani zilikuwa sare ya mabao mawili kwa mawili, muda wa nyongeza, watatu kwa watatu uwanjani. Brianne Jenner alimpasia Marie-Philip Poulin. Poulin akapiga, kisahani kikagonga mtambaa wa panya, kikaingia na kutoka. Wachezaji wakaendelea kukimbizana hadi king'ora kikalia, picha za video zikatazamwa, ndipo ikabainika kwamba Kanada ilikuwa bingwa tangu sekunde kadhaa zilizopita.

Ninalipenda bao hilo kwa sababu liliwashinda watu macho. Ufundi wa Poulin uko hivyo tangu alipoanza: ukisubiri kuuona pale kisahani kinapoingia golini, umeshachelewa. Kazi imefanyika kabla.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuukaribia mchezo huu, ngoja nieleze zana. Katika hoki ya barafu hakuna mpira wa duara. Kuna kisahani cha mpira mgumu, kipenyo chake kiasi cha sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito usiozidi gramu 170. Hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Goli lina upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122, na ndani yake amesimama kipa aliyevaa mavazi mazito hadi anakaribia kuliziba. Zinabaki nafasi chache: juu ya bega, chini ya kwapa, katikati ya miguu. Mshambuliaji anatakiwa kuiona mojawapo na kuitumia kabla haijafungwa, huku mwenyewe anateleza na nyuma yake kuna beki anayemsukuma kwa gongo.

Halafu kuna miguu. Chuma cha kiatu ni chembamba, na chini yake kimechongwa mfereji, kwa hiyo kila mguu unasimama juu ya makali mawili, la ndani na la nje. Kugeuka ni kuhamisha uzito kutoka kali moja hadi jingine. Kusimama ghafla ni kuyakita yote ubavu ubavu hadi barafu iruke kama unga. Waliokwenda kujaribu kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, pale wanapofanyia mazoezi vijana wa timu ya hoki ya Ice Lions, wanajua miguu inavyokukana dakika za kwanza. Poulin anaporudi nyuma, anapokata kona, anapopita kati ya watu wawili, kichwa chake hakipandi wala hakishuki. Chini ya kiuno kuna kazi nzito inayoendelea, na juu ya kiuno mwanamke huyu ametulia kama anayesoma barua.

Mkwaju wake mkuu ni ule wa kifundo cha mkono. Hauinui gongo juu, kwa hiyo kipa hapati ishara. Kisahani kinavutwa kidogo, mkono wa chini unalikandamiza gongo dhidi ya barafu, gongo linapinda kama upinde, kisha linaachiliwa. Tofauti ya mshambuliaji wa kawaida na fundi iko katika muda wa kuvuta. Wengi hupokea, hutuliza, hutazama, ndipo hupiga. Poulin huwa ameshatazama. Mabega yameshalielekea goli na gongo liko chini linangoja, na pasi ikimfikia imebaki kazi ya mikono tu.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1991, akakulia Beauceville, mji mdogo kando ya mto Chaudière katika jimbo la Quebec, mahali ambapo majira ya baridi ni marefu na uwanja wa barafu ni sehemu ya malezi. Alianza na mtelezo wa madaha, ule wa kuzunguka na kurukaruka, kisha akauacha akamfuata kaka yake kwenye hoki. Nadhani ile miaka michache ya mwanzo haikupotea. Akiwa na umri wa miaka 16 alihamia Montreal kucheza na wanawake waliomzidi umri na nguvu, akajiunga pia na chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, lugha ambayo kwao haikuwa ya nyumbani.

Dunia ilimjua tarehe 25 Februari 2010. Fainali ya Olimpiki, Vancouver, Kanada dhidi ya Marekani. Alikuwa na miaka 18. Alifunga mara mbili katika kipindi cha kwanza, mabao yakiwa yamepishana kwa takriban dakika tatu, na mechi ikaisha mbili bila. Binti wa umri ule angeweza kuishi maisha yake yote juu ya siku ile moja, na asingelaumiwa na mtu.

Lakini ni Sochi ninayoirudia. Tarehe 20 Februari 2014 Marekani inaongoza mbili bila, na zimebaki chini ya dakika nne. Jenner anarudisha moja. Kanada inamtoa kipa wake, Shannon Szabados, ili iongeze mshambuliaji, goli likabaki wazi kama nyumba iliyohamwa. Hapo Mmarekani mmoja akakiondosha kisahani kutoka upande wake. Kikateleza urefu wa uwanja, polepole, kikielekea goli lile tupu, hakuna wa kukizuia. Kikagonga mwamba. Bila mwamba ule ningekuwa ninaandika habari nyingine.

Walioitazama mechi ile hulikumbuka tukio hilo kwa kushika kichwa. Mimi namkumbuka Poulin sekunde zilizofuata. Mtu yeyote aliyeona kifo kikimpita kando angekuwa na haki ya kupapatika. Yeye alirudi kwenye eneo lake, na zikiwa zimebaki sekunde 54.6 kisahani kilichomoka katika msongamano kikamkuta kando ya goli, akakisukumia wavuni. Mbili kwa mbili. Katika muda wa nyongeza, Kanada ikiwa na wachezaji wanne dhidi ya watatu kwa sababu ya adhabu, Laura Fortino alimpasia, naye akamaliza. Ikawa dhahabu ya pili, na bao la ushindi kwa mara nyingine lilikuwa lake.

Kwao wamempa jina la utani la kumsifu kama nahodha wa dakika za lala salama. Nalielewa jina hilo, ila siridhiki nalo. Linamfanya aonekane kama mtu wa bahati anayezuka mwishoni. Mchezo huu una vipindi vitatu vya dakika ishirini, na mchezaji huingia uwanjani kwa zamu fupi, zisizofika dakika moja mara nyingi, kisha hutoka akihema na mwenzake akaingia. Zamu nyingi hazina bao wala shangwe. Katika zamu hizo Poulin hufanya lile ambalo washambuliaji wenye sifa huwaachia wengine: timu ikipoteza kisahani, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kukimbia kurudi golini kwake. Hukaba, huziba njia ya pasi, hunyang'anya, ndipo huanza tena safari ya kwenda mbele. Sekunde zile 54 za Sochi zilitokana na saa nzima ya kazi ya namna hiyo.

Mwaka 2018, Gangneung, Korea Kusini, alifunga tena katika fainali, akaipa timu yake uongozi wa mbili kwa moja. Marekani ikasawazisha, mechi ikaamuliwa kwa mikwaju ya mmoja mmoja, Kanada ikapoteza. Wakati huo alikuwa nahodha, na picha za fedha ile shingoni mwake ni nzito kutazama. Miaka minne baadaye, Beijing, alifunga mawili katika ushindi wa tatu kwa mbili, likiwemo lililoamua mechi. Fainali nne mfululizo, mabao katika zote nne. Hakuna mtu mwingine, mwanamke wala mwanamume, aliyekuwa amewahi kufanya hivyo katika hoki ya Olimpiki.

Lazima niseme na hili, maana linaniuma. Hoki ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1998 tu, Nagano. Kati ya Olimpiki moja na nyingine wanawake hawa walihitaji mahali pa kuchezea, na ligi ya Kanada iliyoanza mwaka 2007 ilikwenda miaka mingi bila kuwalipa mshahara. Mwaka 2019 ikafungwa kabisa. Mchezaji aliyeipa nchi dhahabu mara mbili akabaki hana ligi akiwa katika umri wa nguvu zake zote. Yeye na wenzake walikataa kwenda kucheza popote pale kwa malipo ya kutupiwa. Wakapita miji mbalimbali wakicheza mechi za maonyesho, wakidai ligi inayowathamini. Ilianza tarehe 1 Januari 2024. Aprili mwaka huo huo, timu ya Montreal ya Poulin ilipoikaribisha Toronto katika uwanja wa Bell Centre, waliingia watazamaji 21,105. Katika msimu wa 2024 hadi 2025, akiwa na miaka 34 unapoisha, aliongoza ligi kwa mabao 19 na kutajwa mchezaji bora.

Fundi hutambuliwa na mafundi. Mwaka 2022 klabu ya wanaume ya Montreal Canadiens, yenye historia ya zaidi ya karne, ilimwajiri kama mshauri wa kukuza vipaji vya wachezaji wake.

Ukipata nafasi ya kumtazama, usisubiri bao. Mtazame mchezo unapoanzishwa upya. Mwamuzi anakuja na kisahani mkononi, wachezaji wawili wanakaribiana hadi kofia zao zinakaribia kugusana. Poulin anachelewa kidogo kuinama. Anageuza shingo kushoto, anajua nani yuko wapi, kulia, anajua. Kisha mkono wa chini unashuka kwenye gongo, magoti yanakunjika, na macho yake yanahamia kwenye vidole vya mwamuzi, ambavyo bado havijafunguka.